Harufu ya Nyegere

Mbwa aliporudi kutoka jangwani ananuka vile, Jokha alikuwa wa kwanza kuziba pua na wa mwisho kusema neno. Nyumba haikuwa yake, mbwa hakuwa wake, na kwa kweli yeye na mbwa hawakuwahi kuwa na udugu. Alikulia Malindi ya Unguja, ambako mbwa akikatiza uchochoroni mtu hukusanya nguo zake mpaka apite. Akikugusa kwa pua yake mbichi au kwa ulimi wake, umepata najisi nzito, na najisi hiyo haitoki ila kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hayo Jokha aliyasoma chuo cha Kurani akiwa bado na meno ya utoto, na hakuna mtu wala nchi iliyomsahaulisha.

Lakini mtafuta riziki hachagui jirani. Mwaka wa sitini na nne yeye na dada yake Saleha walitoka Unguja na vijibegi viwili, wakafikia Jeddah. Saleha akawa mfukizaji wa maharusi, jina lake likasikika nyumba kwa nyumba. Jokha, aliyekuwa na mikono ya kulea, alikwenda kulea. Hivyo ndivyo alivyofika Riyadh, mtaa wa Suwaidi, miaka ile mafuta yalipopanda bei na mji ukawa unajengwa kana kwamba Kiyama ni kesho. Ukiamka asubuhi unakuta ghorofa mahali ulipoacha kiwanja. Vumbi la saruji halikutua, na watu waliozaliwa hemani walikuwa wakijifunza kugombana na mafundi wa viyoyozi.

Aliyekuwa akimlea ni Mama Hussa, bibi kizee asiyeona, mama wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mtu wa wizarani, anatoka alfajiri na kurudi na mafaili. Mwenye amri alikuwa mkewe, Madam Munira, mwanamke mrefu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kujuta, ambaye hapo hapo alipokugombeza hukuletea kipande cha kitambaa ushone gauni. Jokha hakumchukia. Mtu wa namna hiyo humchukii, unamngoja tu apoe.

Na mbwa ni Ghazala. Alikuwa jike la kuwindia, saluki, rangi ya mchanga, mwembamba mpaka mbavu zinahesabika, na masikio yenye manyoya marefu yanayoning'inia. Alizaliwa katika hema ya marehemu mume wa Mama Hussa, na bibi alipohamishiwa kwenye nyumba ya mawe alikubali kuacha vyote isipokuwa huyu. Tangu macho yalipozimika, Ghazala ndiye aliyemtoa chumbani kwenda uani na kumrudisha, mkono wa bibi juu ya mgongo wake. Wakati wa kula mbwa hulala juu ya nyayo za bibi, na bibi hatii tonge mdomoni mpaka ausikie ule uzito.

"Huyu si mbwa," Mama Hussa humwambia Jokha kila anapomsikia akivuta guo lake kando. "Mbwa ni wale wa majalalani. Huyu ni saluki, binti yangu. Hata hemani alikuwa akiingia."

"Ndiyo, mama," husema Jokha, na guo hulivuta vile vile.

Basi Ijumaa moja ya masika mafupi ya huko, familia ilikwenda jangwani kula nyama na kutazama majani yaliyochipua baada ya mvua. Wakamchukua Ghazala akanyooshe miguu. Akanyoosha. Akaona shimo, akachimba, na aliyekuwamo shimoni alikuwa nyegere. Nyegere hana haraka. Alimgeuzia kisogo, akainua mkia, akamaliza maneno.

Unguja nyegere hakuna. Jokha alijua fungo, ambaye naye ananuka, lakini fungo ana adabu yake, kwani katika uvundo wake hutoka zabadi, na zabadi ni manukato. Hii ya nyegere haikuwa na adabu. Ilikuwa yai viza na kitunguu kilichooza na mpira unaoungua, vyote kwa pamoja, na iliingia mpaka kwenye chai. Madam Munira alimfungia Ghazala nyuma ya tangi la maji, mwisho wa ua, akafunga na mlango wa chumba cha Mama Hussa unaoelekea huko.

Kwa siku za kawaida pengine wangestahamili mpaka iishe yenyewe. Ila siku hizo hazikuwa za kawaida. Alhamisi walikuwa wanatarajia wageni kutoka Jeddah, mama na mashangazi wa kijana aliyemposa binti wa nyumba, watu wa biashara, wa ukoo, wenye pua. Munira alikuwa hali vizuri wala halali. Alikuwa ameshabadilisha mapazia.

Mama Hussa naye hakuwa anakula. Alikaa juu ya godoro lake uso ameuelekeza kwenye mlango uliofungwa, na sahani ikija anaisukuma.

"Niwekeeni Ghazala miguuni," alisema. "Kisha nitakula."

"Ananuka, mama."

"Mimi nimenusa mizoga ya ngamia. Mfungulie."

"Sikuruhusiwa, mama," alisema Jokha. Alikuwa akimpenda yule bibi. Mama yake mwenyewe alifia Unguja na yeye yuko ng'ambo, hakumwosha, hakumvika sanda, na mapenzi aliyobaki nayo bila mwenyewe alikuwa ameyahamishia huku. Alimtazama Mama Hussa mashavu yanavyobonyea, akaogopa.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Christopher, dereva, kijana wa Kisumu aliyekuwa ameendesha gari la Waamerika wa mafuta kabla hajaja nyumba hii.

"Mama Jokha, wale wazungu mbwa wao akinukishwa na hawa wanyama wa kwao, walikuwa wanamuosha na tomato," alisema. "Nimeona mimi mwenyewe. Unafungua mikebe kama ishirini hivi, unammwagia."

Akanunua nyanya za kopo sokoni Batha, akammwagia. Ghazala akawa mwekundu kama aliyechinjwa, akajikung'uta, ukuta mpya mweupe ukapata madoa, na harufu ikawa ile ile pamoja na mchuzi. Christopher alikaa juu ya ndoo akajitazama.

"Ai, mama. Hii sasa imekuwa supu."

Ndipo Jokha akapiga simu Jeddah. Kwa watu wa Unguja, jambo likihusu harufu haulizwi daktari, anaulizwa mtu kama Saleha. Saleha aliposikia alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Leo mdogo wangu ananiuliza mambo ya mbwa. Ukistaajabu ya Musa."

"Dada, mie sina kicheko. Bibi hali."

"Haya, n'sikilize. Harufu haifukuzwi, inafunikwa. Fungo si ananuka, na si zabadi tunatia kwenye udi? Basi na huyo mfanye hivyo hivyo. Mpake mafuta ya ndonya, yale ya kunukia, kidogo, mtie marashi, kisha umfukize udi wa kupika, ule mzito. Mfukize hasa. Asubuhi atakuwa biharusi."

Wanawake wawili waliolelewa na moshi wa udi, waliozaliwa katika nyumba ambamo kila mtoto anaijua methali isemayo la kuvunda halina ubani, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Ndivyo ujuzi unavyotufanya. Fundi wa nyundo kila kitu kwake ni msumari, na mfukizaji kila uvundo kwake ni kazi ya chetezo.

Jokha alimfukiza. Kwa kuwa hakutaka kumgusa, alimpaka mafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufagio, akamnyunyizia marashi kwa mbali, akaweka vyetezo viwili chini ya tenga kubwa la kufukizia nguo na mbwa akafungwa kando yake. Ghazala alisimama katikati ya moshi mkia umebana, anapiga chafya, macho kwa Jokha kana kwamba anauliza amekosa nini. Baada ya saa moja uani kulinukia kama Zanzibar siku ya kesha la harusi. Munira akatoka, akanusa, akashangaa, akamwambia Jokha ampeleke kwa bibi.

Ghazala aliruka kwa furaha mpaka kamba ikamtoka Jokha mkononi. Mama Hussa alinyoosha mikono. Kisha mikono ikasimama hewani.

"Nani huyu?"

"Ghazala, mama."

"Si Ghazala." Alivuta pumzi tena, polepole, na uso wake ukafunga. "Mnanifanya mjinga kwa sababu sioni. Mmemtupa mbwa wangu, mmeniletea mwengine aliyepambwa kama biharusi. Mtoeni."

"Wallahi ndiye, mama. Mguse."

"Mtoeni."

Aligeukia ukuta. Ghazala alijikunyata pale mlangoni, hajui afanye nini na mkia wake, na Jokha akamvuta nje akiwa analia waziwazi. Na kabla ya adhuhuri, jua lilipopiga yale mafuta, nyegere akaamka upya. Akatoka chini ya udi, na udi ukawa umemkamata usimwachie. Sasa ilikuwa harufu ya nyegere anayekwenda harusini. Hata majirani walifunga madirisha.

Munira hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Halas, Jokha, basi. Alhamisi Christopher akishawaleta wageni kutoka uwanja wa ndege, atampeleka jangwani kwa Mabedui wa kule, wamchukue. Mimi si mtu mbaya. Lakini nina binti mmoja."

"Na bibi, Madam?"

Munira alitazama pembeni. "Atazoea."

Wote wawili walijua kwamba hatazoea.

Katika kumrudisha nyuma ya tangi, Ghazala alimlamba Jokha mkono. Alimlamba wote, kiganja na kifundo, na kichwa chake kikavu akakisugua kwenye kiwiko chake, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumsogelea. Jokha alisema astaghfirullah, akenda kwenye rundo la udongo wa mfinyanzi ulioletwa kwa ajili ya kupandia mitende, akachukua donge, akaosha kama alivyofundishwa, mara saba, moja kwa udongo, akausugua mpaka kwenye kucha. Kiwiko hakukiosha kwa udongo, maana kukavu kwa kukavu hakuna najisi, akakipitisha maji tu ya udhu. Akabadili nguo, akasimama kusali.

Aliweka mikono kifuani. Na hapo, katikati ya Alhamdu, akagundua kitu. Kiwiko kilikuwa kinanuka mpaka macho yanamwasha. Kiganja, ambacho ndicho kilicholambwa na ndicho kilichoshika kamba tangu asubuhi, hakikuwa na harufu yoyote. Sala ile Mola aipokee kwa rehema zake, kwani Jokha aliimaliza na pua yake iko mkononi.

Alhamisi asubuhi Christopher aliondoka kwenda uwanja wa ndege. Jokha hakumwambia mtu. Angemngoja Christopher amwoshee, yeye hana sharti na mbwa, lakini Christopher akirudi gari linageuzwa papo hapo. Alijifunga kanga mbili, akapandisha mikono ya gauni, akasimama mbele ya Ghazala. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alijiambia, ila maji haya Jokha hakuwahi kufikiri kuyavulia hata kiatu. Akaweka mkono wake mtupu juu ya shingo ya mbwa. Ilikuwa na joto. Ilikuwa inatetemeka.

"Nyamaza," alimwambia kwa Kiswahili. "Nami vile vile naogopa."

Kwanza alimtoa yale mafuta kwa sabuni ya mche. Kisha alikoroga udongo na maji ukawa uji mzito, akampaka kuanzia masikioni mpaka ncha ya mkia, akamwacha juani ukauke mpaka ukapasuka, akamsuuza, akampaka tena. Hakuishia kwenye mara iliyoamriwa. Alijicheka mwenyewe, kwamba amechukua tohara ya kumtakasa mtu na najisi ya mbwa anampa mbwa mwenyewe, ambaye akioshwa kwa bahari nzima hatoharishiki. Lakini kila mpako ulipopukutika, uliondoka na kidogo cha nyegere. Ghazala mwishowe alitulia, akamwegemeza Jokha kichwa begani kama mtoto anayesukwa, na Jokha hakukiondoa.

Munira alitoka na vibanio vya nywele kichwani, amekuja kugombeza, akakuta mbwa mkavu anang'aa juani na mlezi ametapakaa matope. Akainama. Akanusa. Akanusa tena kwa karibu.

"Hanuki," alisema.

"Hanuki, Madam."

Munira angesema atakachosema, lakini sauti ya Mama Hussa ilitoka chumbani, kavu na ya utulivu. Munira mwenyewe alikuwa ameshamwambia bibi kwamba wageni wako njiani, na bibi wa binti lazima awapokee. Bibi akikosekana barazani siku ya posa, wageni watajiuliza nyumba hii ina nini.

"Bila Ghazala sitoki," alisema Mama Hussa. "Mtasema nimekufa."

Ikasikika honi langoni. Munira alimtazama Jokha, akamtazama mbwa. "Mlete," alisema. "Lakini Christopher asizime gari."

Jokha aliosha mikono, akabadili nguo, akamshika Mama Hussa mkono wa kushoto. Asubuhi ile alikuwa amemwogesha mwenyewe kwa maji ya msandali, amemchana nywele, amemvika gauni jipya la zambarau. Akamkalisha barazani juu ya mto mkubwa, wageni wa Jeddah wakamsalimia kwa kumbusu mkono na kichwa, wanawake wanne waliojaa dhahabu na maneno mazuri. Mama wa kijana, Bi Widad, alikaa karibu naye kabisa. Ndipo Jokha akafungua mlango, na Ghazala akaingia bila kelele, akapita katikati ya wageni, akalala juu ya nyayo za Mama Hussa.

Bibi aliusikia ule uzito, akainamisha kichwa mpaka kwenye shingo ya mbwa. Akavuta pumzi. Safari hii palikuwa na harufu ya udongo tu, kama jangwa likinyeshewa, na chini yake, mbali sana, palikuwa na Ghazala. Vidole vyake vikatafuta sikio, vikakuta kovu la zamani. Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu, ya siku zote zile, yakamiminika shingoni kwa mbwa.

Na hapo nyegere, ambaye jua lilimnyamazisha, akaguswa na maji.

Harufu haikuwa kama mwanzo, lakini ilitosha. Jokha aliisikia kutoka mlangoni. Bi Widad alikatisha neno, akapandisha ncha ya mtandio wake puani, kwa adabu, kama anayejifuta. Mashangazi wakatazamana. Munira alikuwa amesimama katikati ya baraza na dele la kahawa mkononi, rangi imemtoka. Harufu ile ilikuwa inatafuta mwenyewe.

Mama Hussa akainua uso.

"Nisameheni, wageni wangu," alisema. "Hiyo harufu ni mimi. Nimezeeka, sijiwezi tena, hujikojolea bila kujua. Jokha, binti yangu, nipeleke ndani. Ghazala atakuja nami, msimfukuze, hana kosa."

Alisema hivyo yule bibi aliyekuwa msafi kama kitambaa cha sala, ambaye hata Jokha kumsaidia msalani ilimchukua mwaka mzima kukubali. Aliyasema mbele ya wakwe, uso juu, macho yasiyoona yameelekea kusiko na mtu. Jokha alifungua mdomo, lakini kwake yeye lile halikuwa baraza la kusemea.

Aliyesema ni Munira. Aliliweka dele chini, akenda akapiga magoti mbele ya mkwewe na gauni lake la hariri, na mkono wake, uliovaa pete zote za siku ile, akauzamisha kwenye manyoya mabichi ya shingo ya mbwa.

"Si wewe, mama," alisema. Kisha akawageukia wageni. "Mama yangu hana lolote. Ni mbwa wetu huyu. Alipambana na nyegere jangwani, na mimi nilimfungia nje kwa ajili yenu, mama akasusa chakula. Anayetaka kuondoka, gari liko langoni."

Bi Widad aliushusha mtandio polepole.

"Mimi mtu wa pwani," alisema. "Nyegere ni mnyama gani?"

Mama Hussa alijifuta uso kwa kiganja. "Ngoja nikwambie," alisema, na huku akianza kumweleza ukubwa wake na ubishi wake, mkono wake ulitambaa juu ya busati mpaka kwenye sinia ya tende, ukachukua moja, ukaitia mdomoni. Kisha ukarudi kuchukua nyingine.

Jokha alitoka nje akilia na kucheka. Langoni Christopher alikuwa bado ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma, kamba ya mbwa iko tayari kwenye kiti.

"Mama Jokha," alisema kwa huzuni, "nimchukue saa hii?"

"Zima gari, mwanangu," alisema Jokha. "Zima uingie ule."